Tippu Tip wa Kasongo: mtu aliyeitwa kwa mlio wa bunduki

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, jina la Tippu Tip halijasahaulika. Kuna wanaomtaja kama mfanyabiashara mkubwa ambaye watu wake walieneza mpunga, Uislamu na Kiswahili. Kuna wanaomtaja kama mkubwa wa Batambatamba, wale waliochoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Pande zote mbili zinazungumza juu ya mtu mmoja: Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyezaliwa Unguja karibu mwaka 1837 na kufariki huko huko mwezi Juni 1905.

Maisha yake yote yalitembea pamoja na silaha za moto. Bunduki ndizo zilizompa jina, pembe za ndovu na utawala. Bunduki nyingine, mpya kuliko zake, ndizo zilizoiangusha Kasongo mwaka 1893 na kumuua mtoto wake. Ni habari ambayo wakaaji wa Maniema wana sababu ya kuijua vizuri, maana silaha bado zinaamua mambo mengi katika sehemu hizo.

Mtoto wa njia ya Tabora

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara. Aliweka makao Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na huko alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mama yake Hamed alitoka katika ukoo wa Kiarabu wa El Wardi. Kwa hiyo kijana alikulia kati ya watu wa pwani na watu wa bara, na njia ya misafara aliijua tangu ujana.

Alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akiuza sandarusi kandokando ya pwani. Alipofika miaka 18 alimfuata baba yake Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganyika kwenda Urua, katika nchi ya Waluba. Huko aligundua jambo moja la faida: wafanyabiashara wengine walikimbilia pembe kubwa tu, na hivyo pembe ndogo zilikuwa bei rahisi. Yeye alinunua zile ndogo, akazipeleka pwani, akapata faida nzuri. Tangu hapo hakuwa tena kijana wa kutumwa na baba.

Safari kama hizo zilihitaji mkopo. Wahindi wa Unguja ndio waliotoa mali kwa deni: nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Aliyekuja kumwamini Hamed kuliko wote ni tajiri Taria Topan. Mkopaji alikwenda bara miaka mingi, na alitakiwa kurudi na pembe za kutosha kulipa deni. Hapo ndipo bunduki ilipopata kazi yake ya kwanza. Mali yote ya msafara ilitegemea ulinzi wake, na nyuma ya mali kulikuwa na deni lisilosamehewa.

Itabwa, mwaka 1867

Vita iliyomfanya ajulikane ilipiganwa kusini-magharibi mwa ziwa Tanganyika, katika nchi ya Itabwa. Mfalme wake, Nsama, aliogopwa na misafara yote. Miaka mingi kabla ya hapo aliwahi kuwashinda Waarabu na kuchukua mali yao. Alikuwa na pembe nyingi na wapiga mishale wengi, na mji wake ulikuwa na boma imara.

Mwaka 1867 Hamed aliingia katika mji huo na watu wachache akitafuta biashara. Walishambuliwa kwa ghafula, na yeye mwenyewe akajeruhiwa kwa mishale. Watu wake walijibu kwa bunduki. Wapiganaji wa Nsama walikuwa wamesongamana, na kila mzinga uliwaangusha kadhaa. Mji ulikimbiwa, mfalme akatoroka. Kwa hesabu aliyoitoa Hamed mwenyewe baadaye, humo alikuta pembe za frasila 1,950, yaani zaidi ya tani 30, pamoja na frasila 700 za shaba.

Ndipo watu waliokimbia wakaeleza kwamba bunduki za mtu huyo zilikuwa zikilia tip-tip, mlio ambao sikio haliwezi kuustahimili. Hiyo ndiyo maana ambayo mwenyewe aliipendelea. Wengine walisema jina lilitokana na macho yake, ambayo yalikuwa yakipepesa bila kukoma. Maelezo ya tatu, ambayo mmisionari David Livingstone aliyaandika, yanasema kwamba jina lilihusu mtu anayekusanya mali. Alikuwa na majina mengine pia: Kingugwa, yaani chui, kwa sababu alipiga hapa na pale, na Mkangwanzara, asiyeogopa vita bali njaa tu.

Livingstone alikutana naye katika nchi hizo miezi michache baada ya vita hiyo, mwaka 1867. Alipokea kwake mbuzi, shanga na nguo. Mungereza huyo aliyepiga vita utumwa aliishi mara nyingi kwa msaada wa wafanyabiashara wa watumwa, na Tippu Tip ni mmoja wao.

Bunduki za wakati ule

Ni lazima kuelewa bunduki hizo zilikuwaje. Nyingi zilikuwa za zamani, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya na kuuzwa kwa bei ndogo. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akasukuma kitambaa au majani kwa fimbo, akatia risasi, akashindilia tena. Katika bunduki ya gumegume, jiwe liligonga chuma na kutoa cheche. Katika zile zilizofuata, kifuniko kidogo cha shaba kinachoitwa fataki ndicho kilichowasha moto.

Mtu hodari aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Wakati huo huo mpiga upinde alikuwa amekwisha kutupa mishale mingi. Mvua ikinyesha, baruti ililowa na bunduki ikawa rungu. Mtutu mbovu uliweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Na hata bunduki nzima haikuwa na faida bila baruti na fataki kutoka pwani, mwendo wa miezi mingi.

Kwa hiyo nguvu ya Tippu Tip haikuwa bunduki peke yake. Alikuwa na idadi kubwa ya bunduki mahali pamoja, njia iliyofikisha baruti, na ujuzi wa kufanya urafiki na wakubwa wa nchi. Pale urafiki ulipotosha, alitumia urafiki. Pale ulipokataa, kijiji kiliungua.

Mjukuu wa Utetera

Mfano mkubwa ni jinsi alivyopata Utetera, nchi iliyo kati ya Lualaba na Lomami. Akiwa safarini alisikia kwamba mfalme mzee, Kasongo Rushie, alikuwa na dada wawili waliotekwa zamani wakapelekwa Urua, na hakujua walikoishia. Tippu Tip alijitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wa dada hao, kwa sababu, kama alivyosema, babu yake mzaa mama alimuoa mwanamke huyo wakati wa safari zake bara. Mfalme aliamini, au aliona faida kuamini, akamkabidhi utawala.

Hivyo katikati ya miaka ya 1870 mfanyabiashara wa Unguja aliupata ufalme bila kupiga risasi mjini. Walio chini yake walileta pembe kwake. Hata hivyo, wale waliosikia habari za bunduki zake za Itabwa walijua kwamba hadithi ya ukoo ilikuwa na kitu nyuma yake.

Kutoka hapo alihamia Kasongo, ambako Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga. Walimkubali kuwa mkubwa wao. Kasongo ya zamani ilikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni, ambako watafiti wa mambo ya kale wamefanya kazi wakitafuta alama za mji huo. Karibu yake, kwenye Lualaba, kulikuwa na Nyangwe, mji wa soko kubwa. Upande wa mashariki, kwenye njia ya kwenda Ujiji, kulikuwa na Kabambare, kituo ambacho kila msafara ulipumzika. Livingstone alilazwa hapo kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, miguu yake ikiwa na vidonda. Katika daftari lake ameiandika Bambarre.

Livingstone ndiye aliyeona pia yale yaliyotokea Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengi walipigwa risasi, wengi zaidi walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Makisio aliyopewa yalikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, lakini Dugumbi alimzuia. Tippu Tip hakuwapo siku hiyo. Lakini mji ambao baadaye ulikuwa chini ya uwezo wake ulibeba kumbukumbu hiyo, na habari zake zilipofika London zilisaidia kulazimisha kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Bastola ya Stanley

Oktoba 1876, mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley alipita Kabambare, akafuata mto Luama hadi Lualaba, kisha akamkuta Tippu Tip katika sehemu za Kasongo. Alitaka kujua Lualaba unamwaga wapi. Kwa hiyo alihitaji watu wenye silaha wa kumsindikiza katika misitu ya kaskazini.

Jioni moja Stanley alijisifu kwa bunduki yake ya Winchester, akisema inapiga risasi nyingi mfululizo bila kupakiwa upya. Tippu Tip hakuamini. Kwa mtu aliyeishi na gobore, mtutu mmoja ulikuwa na risasi moja. Akamjibu mgeni kwa mzaha kwamba katika nchi fulani kuna upinde unaotupa mishale 20 kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu. Stanley alitoka nje, akapiga risasi 12 mfululizo. Kisha akachukua bastola, akapiga sita. Halafu akarudi kukaa barazani.

Mwenye bunduki nyingi kuliko wote katika Maniema alibaki ameshangaa. Swali lake la kwanza lilikuwa la mtu wa kazi: alitaka kujua risasi hizo zinapakiwaje. Stanley akamwonyesha. Bastola ya aina hiyo ilikuwa na gurudumu lenye vyumba sita. Kila mara mpigaji anapovuta, gurudumu linazunguka na chumba kipya kinafika nyuma ya mtutu. Silaha ndogo inayoingia katika ala kiunoni ilifanya kwa sekunde chache kazi ya magobore sita.

Habari hiyo ameiandika Tippu Tip mwenyewe katika kitabu chake, miaka mingi baadaye. Kati ya mambo mengi ya safari ile, alichagua kukumbuka hilo. Jioni ile bunduki zake zote zilikuwa zimezeeka, na yeye aliona.

Walipatana kwa dola 5,000 kama alivyoandika Stanley, kwa safari ya siku 60 za mwendo. Njia ilikuwa ngumu: msitu mnene, ndui, mishale ya sumu. Mwisho wa Desemba 1876 waliachana. Stanley aliendelea na mto hadi akafika baharini mwezi Agosti 1877. Kwa kazi hiyo Ulaya ilijua kwamba mto wa Kasongo na mto wa Boma ni mto mmoja. Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikuwa akisikiliza.

Wali wa Bula Matari

Miaka iliyofuata Tippu Tip alikuwa katika kilele cha nguvu zake. Alipeleka pembe nyingi pwani, alipatana na mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, na mwaka 1882 alifika Unguja baada ya miaka 12 bara. Sultani Barghash alimtaka airudishe Maniema chini ya bendera yake. Lakini wakati huo huo Wazungu walikuwa wakipanda mto kutoka magharibi kwa mashua za moshi. Mwaka 1885 Léopold alitambuliwa kuwa mwenye Kongo yote, na serikali yake watu waliiita Bula Matari, jina alilopewa Stanley.

Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip walishambulia kituo cha Wazungu cha Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mkuu wa kituo, Walter Deane, alikimbilia msituni. Tippu Tip mwenyewe alikuwa njiani kwenda Unguja. Mwezi wa Februari 1887, Stanley alimjia huko na mkataba usio wa kawaida: Bula Matari ilimfanya kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kupandisha bendera ya Léopold na kuzuia biashara ya watumwa katika sehemu hiyo. Alikubali. Sultani hakuwa na jeshi la kumsaidia, na yeye alijua.

Alisafiri kwa meli pamoja na Stanley, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Stanley alikuwa akienda kumwokoa Emin Pasha, na Tippu Tip aliahidi wapagazi 600. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na ulikuwa ugomvi wa baruti. Wapagazi walitakiwa kuja na bunduki zao, na Stanley kuwapa baruti na fataki. Tippu Tip alisema baruti haikuletwa kama walivyopatana. Stanley alisema wali amevunja ahadi. Walipofika hatimaye mwaka 1888, wapagazi walikuwa kama 400 tu, na kikosi kilichoachwa nyuma Yambuya kilikuwa kimekwisha kwa njaa na ugonjwa. Mkubwa wake, meja Barttelot, alipigwa risasi huko Banalya mwezi Julai 1888. Aliyempiga, Sanga, alihukumiwa Stanley Falls akauawa.

Stanley alifungua kesi Unguja akidai pesa nyingi kutoka kwa Tippu Tip. Kwa sababu hiyo, mwaka 1890 mzee aliiaga Kasongo. Alimwacha mtoto wake Sefu huko, na Rashid, mtoto wa ndugu yake Bwana Nzige, Stanley Falls. Alifika Unguja mwaka 1891. Kesi haikuendelea, lakini yeye hakurudi Maniema tena.

Sheria ya Brussels

Mwaka huo huo wa 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kutia sahihi mapatano juu ya biashara ya watumwa. Sehemu moja ilihusu silaha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikuwa amekadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja. Mapatano yalipiga marufuku kuuza bunduki mpya, hasa zile za kupakia nyuma, katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha ukamataji wa watumwa. Lakini matokeo mengine yalikuwa wazi: serikali za Wazungu zilibaki na silaha mpya, na kila mtu mwingine alibaki na za zamani. Bula Matari ndiyo iliyofaidika kuliko wote. Na ili kuonyesha kwamba si mchezo, mwezi Januari 1895 afisa Lothaire alimnyonga Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kizungu, kwa kosa la kuuza silaha kwa Waarabu wa Kongo. Jambo hilo lilizusha kelele kubwa Ulaya, maana mtu huyo alikuwa raia wa Uingereza na alinyimwa rufaa.

Kuanguka kwa Kasongo

Vita ilikuja mwaka 1892. Mwezi Mei, Waarabu walimuua Hodister, mkubwa wa kampuni ya Kibelgiji aliyekuja kununua pembe. Ngongo Lutete, mkubwa wa vita aliyekuwa chini ya Tippu Tip, alishindwa na luteni Francis Dhanis, kisha akahamia upande wa Wazungu. Sefu aliona kwamba ameibiwa mtu na mali. Oktoba 1892 alivuka Lomami akidai arudishiwe Ngongo Lutete, na mwezi wa Novemba, katika majira ya mvua, jeshi lake likapigwa. Huko Kasongo, Wabelgiji wawili waliokaa kama wawakilishi wa serikali, Lippens na Debruyne, waliuawa mwezi Desemba.

Askari wa Dhanis, Waafrika karibu wote, walikuwa na bunduki za Albini za kupakia nyuma, pamoja na mzinga wa Krupp. Maelfu ya watu wa Ngongo Lutete waliwafuata. Tarehe 4 Machi 1893, baada ya Wagenya kuwapatia mitumbwi ya kuvuka Lualaba, waliingia Nyangwe. Tarehe 22 Aprili waliingia Kasongo. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, ameeleza walivyoshangazwa na mashamba, ghala za chakula, vitanda vyenye magodoro ya hariri, sabuni na kahawa. Mji ambao Tippu Tip aliujenga kwa miaka 15 ulianguka kwa siku moja.

Mwezi wa Septemba, Wabelgiji walimuua Ngongo Lutete kwa tuhuma za usaliti zisizo za kweli. Kosa hilo liliwarudia: mwaka 1895 askari wa Kitetela na Kisongye huko Luluabourg waliasi, na bunduki za serikali zikageukia serikali.

Sefu alikufa katika mapigano ya Oktoba 1893, upande wa Luama. Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan, aliyekuja kutoka Ujiji kusaidia, alijenga maboma katika njia ya Kabambare. Tarehe 14 Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliwasha moto ndani ya boma lake, na baruti ikalipuka. Siku kumi na moja baadaye Lothaire aliingia Kabambare. Rumaliza alitorokea upande wa Wajerumani. Utawala wa Waarabu katika Maniema ulikwisha hapo.

Waliofurahia kuondoka kwa Batambatamba hawakufurahi siku nyingi. Bula Matari nayo ilikuja na kodi, kazi ya kulazimishwa, mpira na pembe.

Mwaka 1893, Kasongo ilipoanguka, Hugo Borchardt alitoa huko Ujerumani bastola inayojipakia yenyewe: nguvu ya risasi iliyotoka inasukuma chuma nyuma, inatupa ganda, na springi inaleta risasi mpya. Miaka michache baadaye kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kutengeneza bastola ndogo ya Browning, mfano wa 1900, yenye risasi saba na yenye kuingia mfukoni. Ile iliyomshangaza Tippu Tip mwaka 1876 ilikuwa imekwisha kuwa ya kizamani kabla hajafa.

Mzee wa Unguja

Tippu Tip aliyapokea yote hayo akiwa mbali. Alimpoteza Sefu, Kasongo na sehemu kubwa ya pembe zilizobaki bara. Lakini hakuwa maskini. Alikuwa na mashamba saba ya karafuu na maelfu ya watumwa hadi sheria ilipofuta utumwa Unguja mwaka 1897. Alikaa katika nyumba ya Mji Mkongwe ambayo bado ipo, na mlango wake wa nakshi bado unatazamwa na wageni.

Katika miaka hiyo ya mwisho aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza ambamo Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe. Hesabu za pembe zimo, majina ya wafalme yamo, safari zimo. Maumivu ya waliokamatwa karibu hayamo. Aliandika kama mfanyabiashara anayefunga daftari. Malaria ilimuua mwezi Juni 1905, akazikwa Mji Mkongwe.

Kilichobaki Maniema

Kasongo imebaki na mengi ya wakati ule. Uislamu una mizizi Maniema kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kongo. Mchele bado ni chakula na biashara. Kiswahili cha Wangwana, yaani Kingwana, kilisambaa toka hapo hadi Kisangani na Kivu, na mamilioni ya Wakongomani wanakitumia kila siku bila kufikiria njia kiliyopitia.

Vimebaki pia vidonda. Kuna koo zinazokumbuka bado nani alichukuliwa na nani aliuza. Wabangubangu, Wakusu, Wazimba na wengine walipitia mikono ya Batambatamba, kisha ya Bula Matari, na wengine wao walikuwa wapiganaji wa pande hizo hizo.

Na bunduki hazijaondoka. Huko Salamabila, wilayani Kabambare, penye dhahabu, wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wamepigana na jeshi mara nyingi katika miaka ya karibuni, na raia ndio waliokimbia. Sheria ya Kongo ya mwaka 1985 inamtaka mtu awe na kibali ili amiliki silaha. Walioshika bunduki msituni hawakuomba.

Anayesoma maisha ya Tippu Tip anaona hesabu yenyewe. Alianza na deni la baruti, akapata nchi nzima, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyemshinda. Kisha wakaja wenye mitutu bora, na mwaka mmoja ulitosha. Zile bunduki zilizolia tip-tip hazipo tena. Kilichosalia Kasongo ni vitu ambavyo havikuhitaji baruti ili vidumu: mpunga shambani, sala msikitini na lugha midomoni mwa watu.